Mvua haisubiri zabuni ya kaunti



Nina dukuduku kuhusu jinsi serikali zetu za kaunti zinavyoshughulikia mabadiliko ya tabianchi.

Mimi ni mkulima na mfugaji mdogo katika eneo kame la Pwani, na mjumbe wa kamati ya tabianchi ya wadi yetu. Kamati hizi ziliundwa chini ya mpango wa FLLoCA, unaofadhiliwa na serikali ya kitaifa, Benki ya Dunia na wahisani wengine, ili wananchi wenyewe wachague miradi inayowafaa. Tulikaa siku tatu chini ya mkwaju. Wazee walisimulia ukame walioupitia, akina mama wakataja visima vilivyoingia chumvi, vijana wakachora ramani ya malisho. Tukakubaliana kwa kauli moja: kabla ya masika, bwawa letu la kunyweshea mifugo lifukuliwe, kwani limejaa tope.

Badala yake, Januari likaja lori la miche ya miti. Kiangazi kilikuwa kimepamba moto, na maji ya kunywa tulikuwa tukiyafuata mbali kwa punda. Tulipanda, picha zikapigwa, wageni wakaenda zao. Kufikia Machi iliyosalia ni michache tu, ambayo mama mmoja aliimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Masika yaliponyesha, maji yalipita juu ya tope yakashika njia ya baharini. Agosti tulikuwa tena tunanunua maji kwa mtungi. Tulipouliza kwa nini bwawa halikufukuliwa, tukajibiwa kwamba fedha zilichelewa na zabuni ya miche ndiyo iliyokuwa tayari.

Jibu hilo halinitoshi. Ukame wa 2020 hadi 2022 ulitunyima mvua misimu 5 mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Kisha mwishoni mwa 2023 mafuriko yakabomoa madaraja na kusomba mashamba. Anayejua hali hiyo hawezi kupanga kazi yake kwa kufuata zabuni iliyo tayari.

Wala kaunti haiwezi kusema hili ni jukumu la Nairobi. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti kilimo, huduma za maji na uhifadhi wa udongo. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inaziagiza ziingize suala hili katika mipango yao ya maendeleo ya miaka mitano, na kila mwisho wa mwaka wa fedha waziri wa kaunti anayehusika apeleke ripoti ya utekelezaji katika bunge la kaunti ijadiliwe. Kaunti ya Makueni haikungoja hata sheria hiyo: mwaka 2015 ilijiwekea kanuni za hazina ya tabianchi na kuitengea asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Makueni nayo ni kame kama sisi.

Naomba mambo matatu. Kwanza, orodha ya kila wadi iingizwe katika mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao sheria inataka ufikishwe katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Orodha isiyokuwemo humo haitapata fedha, hata tukikesha chini ya mkwaju. Pili, zabuni za mabwawa na visima zitolewe mapema, wakandarasi wachimbe ardhi ikiwa kavu, na miche isubiri mvua. Tatu, ile ripoti ya mwaka ibandikwe katika ofisi ya kila wadi kwa Kiswahili, ikionyesha tulichoomba, kilichofanywa na kiasi kilichotumika. Wawakilishi wadi nao waijadili kwa dhati, kwani ndio tuliowatuma kuisimamia serikali ya kaunti.

Sisemi miti haina maana. Mti ni uhai, lakini mti nao unakunywa maji, na maji yetu yanapita tunayatazama.

Wiki hii tumealikwa kwa kikao kipya cha kupanga. Wazee wameniuliza: orodha ya safari hii itafika wapi? Naomba kaunti inipe jibu la kuwapelekea kabla hatujatandika tena mikeka.

Mjumbe wa kamati ya wadi,
Pwani