Mama Hana Kisirani

Ukitembea kwa mguu kutoka Posta hadi Kariakoo utakutana na kibao cha kliniki ya tiba za Kichina. Wasomi wenzangu huvicheka vibao hivi. Wanasema wanaoingia mle ni watu wasiojua sayansi. Nami nawauliza: mwanamke wa miaka 47 asiyelala usiku, anayelia asijue kwa nini na kuwaka kwa jambo dogo, nyinyi mmemwelekeza wapi?

Nyumbani tunasema ana kisirani. Majirani wanasema ana mapepo. Mara nyingi akienda hospitali anapimwa presha, anapewa dawa ya usingizi na kurudishwa nyumbani, bila kuulizwa hata mara moja hedhi yake inakwendaje.

Wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi kati ya miaka 45 na 55, lakini mwili huanza kubadilika miaka kadhaa kabla. Homoni ya estrojeni haipungui taratibu kama maji yanavyokupwa. Hupanda na kushuka bila mpangilio, na usingizi na hisia huyumba nayo. Hiyo ni sayansi tunayojivunia, ila hatujamfikishia mama.

Wachina wana maelezo yao. Kitabu chao cha kale, Huangdi Neijing, cha takriban miaka 2,000, huhesabu maisha ya mwanamke kwa saba saba: saba mara saba, yaani 49, hedhi hukoma. Figo, wanasema, hutunza ubaridi wa mwili. Zikichoka, joto hupanda na usingizi hukimbia. Ini huiachia nguvu ya mwili itiririke. Likiziba, hasira na huzuni hukwama kifuani. Dawa yao mojawapo, iliyoandikwa tangu enzi ya Song, inaitwa Xiao Yao San, jina lenye maana ya kutembea huru bila wasiwasi.

Tusijifanye tunashangaa. Mswahili akiumizwa husema, "Maneno yale yamenikata maini." Husema pia nyongo mkalia ini. Kwa hiyo mama akiambiwa ini lake limebeba hasira, hilo kwake si Kichina. Amekutana na mtu aliyemuuliza analalaje, anakasirikia nini na joto humpanda saa ngapi, kisha akamwamini. Hicho ndicho anacholipia.

Sisemi dawa yenyewe inaponya. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba mitishamba ya Kichina hupunguza dalili za ukomo wa hedhi kuliko dawa bandia. Muuzaji anayeahidi pakiti moja kutibu hasira, uzito na kisukari ni mwongo, awe Mchina au Mmakonde. Na mwanamke anayetokwa damu isivyo kawaida anatakiwa hospitali, si dukani. Lakini kumcheka mteja hakumfukuzi mwongo. Kunamwachia soko.

Tazama tunavyopigania hedhi. VAT ya taulo za kike ilipoondolewa mwaka 2018 tulishangilia. Iliporudishwa 2019 tulipiga kelele, na tulikuwa sahihi. Kila Mei 28, Siku ya Hedhi Duniani, tunamzungumzia msichana wa shule. Mama yake, ambaye hedhi inamuaga, hatumtaji. Utadhani mwanamke ana haki ya kueleweka hedhi inapoanza tu, ikiisha ajitegemee.

Ninachodai ni kidogo. Kila muuguzi anayempima presha mwanamke aliyevuka 40 amuulize habari za hedhi, usingizi na hisia zake, kwa Kiswahili chepesi, na ajue matibabu yapo, yakiwemo ya homoni kwa anayefaa kuyatumia. Maswali hayo hayahitaji mashine wala mfadhili. Na sisi watoto tuliosomeshwa kwa jasho la mama hawa tuache neno kisirani. Kama hatuwezi kuketi naye dakika kumi na kumuuliza analalaje, tusimcheke anayekwenda kuulizwa Kariakoo.