Bunia, neno "cache" halijawa mchezo

Mtu mzima wa Bunia akisikia neno "cache", hafikirii mchezo. Anafikiria cache d'armes: bunduki iliyofukiwa shambani, risasi zilizofichwa darini, wanajeshi waliozunguka mtaa alfajiri kuzitafuta. Neno hilo la Kifaransa, lenye maana ya mahali pa kuficha kitu, tumelisikia redioni kwa zaidi ya miaka 20, na mara nyingi halikuleta habari njema.

Kwingine duniani neno hilohilo ni la kutembea na watoto siku ya Jumapili. Mchezo unaitwa jiokashingi. Mtu anaficha kopo au kisanduku mahali fulani, ndani anaweka daftari dogo, kisha anatangaza kwenye intaneti nambari za GPS za mahali pale. Wengine wanazifuata kwa simu, wanakitafuta, wanaandika jina lao katika daftari na kukirudisha palepale. Visanduku vya aina hiyo vinazidi milioni 3 duniani. Kijana wa Mudzipela au Nyakasanza mwenye simu ya kawaida anaweza kupakua programu yake leo jioni, na sisi hatumkatazi. Tunamwomba tu asikilize kwanza lugha ya wachezaji hao kwa masikio ya Bunia.

Kisanduku wanachokisifu sana wanakiita "ammo can". Ni kasha la chuma la kubebea risasi za jeshi. Wanalipenda kwa sababu ni gumu na halipitishi maji. Mahali nambari zinapokufikisha panaitwa "ground zero", maneno yaliyotumiwa kwanza kwa mahali bomu la atomiki lilipolipukia. Mpita njia asiyejua mchezo anaitwa "muggle", neno la vitabu vya Harry Potter kwa watu wasio na uchawi. Wafaransa wanasema "moldu", kutoka tafsiri ya vitabu hivyohivyo. Na adabu ya mchezo ni kwamba mtu huyo asijue unachofanya. Subiri apite. Jifanye unafunga kamba za kiatu.

Sasa mweke kijana huyo chini ya daraja, simu yenye ramani mkononi, anaangalia kulia na kushoto, kisha anachomoa kasha la risasi. Na tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu limewekwa chini ya utawala wa kijeshi wa état de siège. Askari atakayemwona hatamuuliza kama amesoma Harry Potter.

Hii si hofu ya Bunia peke yake. Mwaka 2011, katika mji mdogo wa Wetherby, Uingereza, kisanduku cha mchezo huu kilichofichwa nje ya mkahawa kilileta polisi na wataalamu wa mabomu wa jeshi. Barabara ilifungwa, kisanduku kikalipuliwa. Kilikuwa cha plastiki. Na huo ni mji ambao vijana wake hawajawahi kuona mapigano mitaani.

Sisi tumeyaona. Mei 2003 wanamgambo walipigania mji huu nyumba kwa nyumba. Juni wakaja askari wa Umoja wa Ulaya wa operesheni Artemis, wakiongozwa na Ufaransa, na Bunia ikatangazwa kuwa mji usio na silaha. Waliokuwapo wanakumbuka jinsi amri ile ilivyotekelezwa: silaha zisionekane. Hazikuonekana. Nyingine zilikwenda chini ya udongo, na hapo ndipo neno "cache" lilipoota mizizi kwetu.

Kuna jambo zito kuliko neno. Mtoto wa Djugu au Irumu anayekwenda kuteka maji anaweza kukuta guruneti au kombora ambalo halikulipuka. Wazazi, walimu na watu wa kutegua mabomu wanamfundisha jambo moja: ukiona kitu cha chuma usichokijua, usikiguse, rudi ulikopita, kamwambie mtu mkubwa. Mchezo huu unamfundisha kinyume kabisa, kwamba kitu kilichofichwa ni zawadi na kazi yake ni kukifungua. Masomo haya mawili hayawezi kukaa katika kichwa kimoja cha mtoto wa miaka 9.

Wapo watakaosema tutafsiri tu maneno kwa Kiswahili. Tumejaribu, na kila mlango unafungwa. "Maficho" ni neno la taarifa za habari, maficho ya waasi. "Hazina" inawakumbusha watu dhahabu, na dhahabu hapa Ituri ina kesi zake. Lakini tusidhani kwamba kubadili neno ni woga. Mtu wa kwanza kuficha kitu kwa mchezo huu, Mmarekani Dave Ulmer, alifanya hivyo huko Oregon tarehe 3 Mei 2000, siku moja baada ya serikali ya Marekani kuwafungulia raia GPS yenye usahihi zaidi. Yeye alikiita "stash", neno ambalo kwao linanuka dawa za kulevya. Kabla ya mwezi kwisha wachezaji wakalitupa na kuchukua "cache". Kama wao walibadili neno kwa sababu ya harufu yake, kwa nini sisi tulipokee lao likiwa na harufu ya baruti?

Pendekezo letu ni "alama". Tunatafuta alama, tumepata alama. Na alama haihitaji kisanduku. Wachezaji wenyewe wanayo aina inayoitwa EarthCache, iliyoanza mwaka 2004 pamoja na Chama cha Jiolojia cha Marekani. Hakuna kinachofichwa wala kufunguliwa. Unafika mahali, unaangalia ardhi, unajibu maswali. Ituri ni tajiri kwa hilo. Barabara ya Bogoro inaposhuka kwenda Kasenyi, Bonde la Ufa linaonekana wazi na Ziwa Albert chini yake. Mapango ya Mlima Hoyo nayo yapo, ingawa hayo yasubiri usalama. Walimu wa jiografia wa ISP Bunia wangeweza kuandika maswali ya alama tano au sita za mjini, mahali pa wazi, mchana, chefu wa kartie akiwa na habari. Sheria za mchezo zenyewe zinadai ruhusa ya mwenye mahali.

Desturi moja tungeichukua ilivyo. Tangu mwaka 2002 wachezaji wana siku za kukutana na kuokota takataka mahali wanapochezea, na wanaziita CITO. Jina hilo halina haja ya tafsiri mpya. Huku kwetu ni salongo, na mifereji ya Bunia inaisubiri.