Kuku hadungwi homoni, bibi harusi ndiye anayemeza

Kila nikishona gauni la harusi hapa Rujewa nasikia yale yale: "Mimi sili kuku wa kisasa, anadungwa homoni." Haya, nani ana muda wa kudunga kuku mmoja mmoja bandani? Na ukisema wanachanganya kwenye pumba, homoni ya ukuaji ni protini, tumbo linaisaga kama linavyosaga nyama. Kuku yule hukua wiki tano sita kwa mbegu yake na kwa chakula.

Anayedungwa kweli ni ng'ombe wa maziwa kule Marekani, iliporuhusiwa 1993. Maziwa yanaongezeka, lakini kiwele kinavimba na miguu inachechemea. Canada wakaikataa 1999 kwa ajili ya afya ya ng'ombe. Ng'ombe kaonewa huruma!

Sasa huyo huyo anayemsusa kuku, mwezi mmoja kabla ya ndoa anameza vidonge vya kunenepesha. Nilivyooneshwa mimi vilikuwa deksamethazoni. Hiyo ndiyo homoni, ya kutengenezwa. Mwili unajaa maji, uso unakuwa duara, sukari inapanda, mifupa inadhoofika. Ukiimeza muda mrefu kisha ukaacha ghafla, unaweza kuanguka, maana tezi zako zimeshalala. Bibi harusi mmoja nimempima mara tatu, na siku yenyewe zipu ikagoma.

Mwili ni amana. Na nyinyi mashangazi na makungwi mnaowanunulia mabinti vidonge hivyo ili "wajae", mtamjibu nini Mola? Mimi gauni nalishona kwa kiuno ulicho nacho.