Redio Mpya, Antena Ile Ile

Redio zinazoendeshwa kwa programu zina sifa moja kubwa: kifaa kimoja huhama masafa papo hapo, kwa amri ya kompyuta. Waya ulioko juu ya paa haupokei amri hiyo. Robo ya wimbi la megahezi 7 ni kama mita 10. Ukishuka hadi 3.5 unahitaji mara mbili yake. Ndiyo maana nasema kwamba hapa Maskati, anayenunua redio ya dharura bila kifaa kinachoilinganisha antena chenyewe amenunua nusu ya mtambo.

Milima ya Hajar ndiyo inayotulazimisha. Masafa ya juu hunyooka, basi mlima huyakata. Kuuvuka kwataka mawimbi mafupi yarushwe karibu wima, yagonge tabaka la ionosfia, yashuke upande wa pili. Lakini masafa yanayorudi vizuri mchana, usiku huweza kupenya na kupotelea angani, kwa hiyo mrushaji hana budi kushuka jua likizama. Hapo antena haioani tena na redio: uwiano wa mawimbi ya kusimama, kipimo cha kutooana huko, ukifika tatu kwa moja, robo ya nguvu hurudi ilikotoka, na redio nyingi za kisasa hujipunguzia nguvu kujilinda. Kifaa cha kulinganisha hupima kinachorudi, kikabadilisha koili na kapasita kwa swichi zake hadi mambo yakae sawa, kazi ya sekunde chache. Nani angepanda paani kurefusha waya usiku wa kimbunga Gonu, Juni 2007, au wa Shaheen, Oktoba 2021?

Wapo watakaosema simu za setilaiti zinatosha. Zinafaa, ila ni za wachache, na Oman haikosi warushaji wa ridhaa: chama chao cha kifalme kilianzishwa 1972, na Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa na alama ya wito A41AA. Hoja ya mafundi ndiyo nzito zaidi. Wanasema kifaa hiki hakiifanyi antena mbovu kuwa nzuri. Huiridhisha redio tu, huku nguvu ikiishia kwenye koili na kebo. Ni kweli, hasa kikiwekwa mezani kando ya redio. Mahali pake ni chini ya antena, ndani ya kisanduku kilichozibwa chumvi ya bahari isipenye. Zabuni inayotaja redio peke yake, bila kueleza kifaa hicho kitafungwa wapi, irudishwe kwa aliyeiandika.