Kiwanda ni cha Nani?

Mwaka 1922 ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia Ruaraka, karibu na Nairobi. Shehena yao ya kwanza ilikuwa makasha kumi tu. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo mawindoni, na bia ikaitwa Tusker kwa ajili hiyo. Watu wa visiwani, ambao tembo kwao ni pia kinywaji cha mnazi, watatabasamu. Lakini wachache huuliza mali ile ya ndugu iliishia wapi.

Mwaka 1935 kampuni hiyo iliinunua Tanganyika Breweries ya Dar es Salaam. Mwaka 1936 ikajiita East African Breweries. Mali ya ndugu ikawa ya wenye hisa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Serikali yetu ilichukua sehemu ya hisa za kiwanda cha Tanzania. Wazee wetu walishangilia, nao walikuwa na haki. Hata hivyo, kufika miaka ya 80 bia ilikuwa haba na mitambo imechakaa. Hatuoni faida ya kulificha hilo. Mwaka 1993 nusu ya hisa ilikwenda kwa kampuni ya Afrika Kusini.

Linalotuuma sisi wa Kaskazini ni la mwaka 2002. Wakubwa wa Kenya na wa Afrika Kusini walipatana: huyu afunge kiwanda chake cha Kibo, Moshi, na yule afunge chake cha Thika, kisha wapeane hisa. Soko la mamilioni ya watu liligawanywa kama shamba la mirathi, na mkulima wa shayiri hakuwa miongoni mwa warithi. Tangu 2016 mwenye kauli ni AB InBev ya Ubelgiji.

Sisi tuliosoma chuoni kabla ya shule hatuna haja na kinywaji chenyewe. Lakini kodi yake imo katika hazina inayotulipia walimu, na kazi zake ni kazi za vijana wetu.

Hapa Nakwa, Babati, kiwanda cha ukoo kilichosalia ni pipa la mama apikaye pombe ya nafaka. Kati ya pipa lile na jitu la Ubelgiji hakuna ngazi. Lakini ngazi yaweza kujengwa: Arusha, Adolf Olomi alianzisha Banana Investments mwaka 1993, na mvinyo wake wa ndizi umepata wanywaji.

Kwa hiyo tunawauliza ndugu zetu maofisa wa biashara na wa afya: mama huyu akitaka kesho kununua mtungi wa chuma, kupimiwa maji yake na kutia pombe yake katika chupa yenye nembo, aanzie mlango gani, na alipe kiasi gani kabla hajauza chupa ya kwanza? Jibu libandikwe katika kila ofisi ya kata, kwa Kiswahili.