Saa Mbili za Kunyonyesha, na Wasiozipata

Kila mwaka lifikapo juma la kwanza la Agosti, ambalo mataifa yameliweka kuwa la kuhimiza unyonyeshaji, husikika katika redio na kliniki zetu nasaha ile ile: mtoto na atiwe ziwani ndani ya saa ya kwanza ya kuzaliwa kwake, asipewe kitu kingine cho chote, hata maji, mpaka atimize miezi sita, kisha aendelee kunyonya huku akilishwa mpaka miaka miwili au zaidi. Nasaha ni njema na matabibu wana hoja zake. Walakini huelekezwa kwa mama peke yake, kana kwamba saa zake na jiko lake vyote viko chini ya amri yake, ilhali aghalabu sivyo.

Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba, katika kila watoto 100 wasiotimiza miezi sita, wapatao 64 walikuwa wakinyonya maziwa ya mama tu. Si haba. Lakini hao waliobaki hawakukosa kwa kuwa mama zao ni wajinga au wavivu, na atakaye kujua sababu na aingie katika nyumba aliyomo mzazi siku za arobaini yake.

Humo mwenye kauli ni mama mkwe, au shangazi, au mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa. Mtoto akilia usiku husemwa kwamba ana chango, au maziwa hayamtoshi. Basi huletwa kijiko cha maji, kisha dawa ya chango, na kabla ya mwezi wa nne uji mwepesi. Bibi huyu hatendi kwa ubaya, maana amelea wengi wakakua. Ila maziwa huja kwa kunyonywa, na mtoto aliyeshibishwa uji hunyonya kidogo, na ziwa lisilonyonywa hupunguza, hata ile iliyokuwa dhana tu, kwamba maziwa hayatoshi, ikawa kweli kwa sababu ya dawa yenyewe. Wako pia wazee wanaoikamua dang'a, yale maziwa ya kwanza, na kuimwaga kwa kuidhani uchafu, nayo ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto.

Kisha iko hofu ya kubemenda. Mama anayenyonyesha akirudi kwa mumewe, husemwa kwamba mtoto atadhoofika. Kwa hiyo wengine humlikiza mtoto mapema ili ndoa iendelee. Matabibu huicheka itikadi hii, nami siioni ya kuchekwa yote, kwa sababu zama za wazee wetu ilimpumzisha mama kati ya mimba na mimba. Ubaya wake leo ni kwamba mtoto akikonda, lawama huangukia ndoa ya mama, wala hakuna aulizaye mtoto alikula nini. Na waumini wanaoitaja Aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara kwa ajili ya ile miaka miwili wangefanya vema kuisoma mpaka mwisho, kwani humo humo baba ameagizwa riziki na mavazi ya mama, na kuachishwa ziwa kumewekwa kuwa jambo la shauri na ridhaa ya wote wawili.

Sheria nayo haikunyamaza. Ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama likizo ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mmoja kwa pamoja, na baadaye hadi saa mbili kila siku za kunyonyesha. Lakini siku 84 hazifikii hata nusu ya miezi sita. Na saa mbili zina faida gani kwa karani wa ofisi ya Posta, katikati ya Dar es Salaam, ambaye mwanawe yuko Chanika, pembezoni mwa jiji, na daladala huzimaliza zote kwa safari ya kwenda tu?

Hata hivyo karani ana mwajiri wa kumdai. Muuza samaki aendaye soko la Feri alfajiri, na mama lishe akaaye motoni mpaka magharibi, wamdai nani? Mtoto hubaki na dada yake na chupa ya uji. Na wakijaaliwa kopo la maziwa ya dukani, hutiwa maji mengi ili lifike mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba siku ya kliniki mama mkwe na mume waitwe pia, waambiwe wao. Na halmashauri zetu, ambazo katika kila soko jipya hazisahau vizimba vya kukodisha wala choo cha kulipia, ziweke katika ramani chumba kimoja chenye mlango, viti na maji, mama aketi anyonyeshe au akamue maziwa yake kwa stara. Gharama yake itoke katika ushuru ambao akina mama hao hao huutoa sokoni, na diwani wa kata awe wa kuulizwa kisipojengwa.