Kusoma na Siri ya Kura



Sheria ya uchaguzi ya Kenya yamruhusu mpiga kura asiyejua kusoma asaidiwe na mtu amchaguaye mwenyewe. Akimkosa, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala wa vyama. Ni sheria yenye huruma, lakini tuseme ukweli: kura hiyo si siri tena. Sisi tulioupinga mlolongo wa mwaka 1988, uliomwanika mpiga kura machoni pa chifu, hatuwezi kulinyamazia jambo hili.

Basi kumbi za makanisa ya Kongowea zifunguliwe kwa madarasa ya watu wazima. Lakini yafundishe vipi? Mara nyingi mwalimu huandika sentensi ubaoni, darasa zima likaiimba, na mwisho wa mwezi mwanafunzi aijua kwa ghibu wala hawezi kuisoma akiikuta gazetini.

Paulo Freire, mwalimu Mkristo wa Brazil, aliwafundisha wafanyakazi wapatao 300 mjini Angicos mwaka 1963, akianza na maneno ya maisha yao. Nchini humo asiyejua kusoma hakuwa na haki ya kupiga kura. Mwaka uliofuata jeshi lilipindua serikali, na Freire akatiwa gerezani. (Watawala wale hawakuidharau alfabeti!)

Kiswahili chafaa mno kwa njia hiyo, kwani kila irabu ina sauti moja tu. Chukua neno "soko". Kwanza wanafunzi walizungumze: ushuru, mizani, bei ya jumla, na nani agawaye meza. Kisha lipasuliwe: so-ko. Sa, se, si, so, su; ka, ke, ki, ko, ku. Waachwe waunde wenyewe, nao watapata siku, kaka, sisi, hata kesi. Hapo mwanafunzi ameandika neno asilopewa na mwalimu. Baadaye waletewe risiti za ushuru, na hatimaye vifungu vya Katiba ya mwaka 2010.

Katika kura ya maoni ya mwaka 2005 tulipewa picha za ndizi na chungwa. Kongowea, ambako matunda hayo hushushwa kwa malori, hakuna aliyekosea picha; lakini ndizi haikumweleza mtu kifungu cha ardhi kilisemaje.

Wauzaji huamka kabla ya alfajiri, hivyo darasa la saa mbili usiku litawakuta wakisinzia. Saa kumi alasiri yafaa zaidi, na ufunguo wa ukumbi ukae kwa mtu aishiye karibu.